Kobe wa marehemu baba: Miaka 13 chini ya mwembe, mchawi wake ni waya!

Leo sina stori ya mapenzi wala ya staa aliyefumaniwa gesti. Leo nakuletea stori ya gari. Lakini usifungue ukurasa mwingine, hasa wewe binti unayedhani magari ni mambo ya wanaume, kwa sababu stori hii ina harusi ndani yake, ina mama mjane, ina moshi, na ina fundi mmoja bishoo aliyetaka kutula hela mchana kweupe.

Gari lenyewe ni Volkswagen, ile ya mgongo wa duara, injini nyuma, buti mbele. Modeli ya 1972. Watoto wa mtaani kwetu Magomeni wanaliita Kobe, na sisi nyumbani tulishazoea. Usilione hivyo, gari hilo lina historia. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Marehemu baba alilinunua mkononi kwa mtu, akalitumia kwenda kazini, kutupeleka shule na kutupeleka Coco Beach Jumapili, watoto watano nyuma kama dagaa.

Baba alifariki 2010. Baada ya arobaini, mjomba akaliingiza uani, chini ya mwembe, akavuta breki ya mkono, akalifunika turubai. Basi. Tangu hapo halikuguswa. Kuku walitaga chini yake, paka alizalia kwenye buti, na chumvi ya Bahari ya Hindi ikafanya kazi yake usiku na mchana bila kulipwa.

Mwaka 2023 dada yangu akaposwa. Harusi ikapangwa Desemba. Tukiwa kikaoni tunagawana michango, mama, ambaye siku zote huwa kimya, akasema neno moja tu: "Ningefurahi mwanangu akitoka hapa nyumbani kwa gari la baba yake."

Kikao kikanyamaza. Baba mdogo akakohoa. Yeye ndiye aliyekuwa akituambia kila mwaka tuliuze, maana mnunuzi wa vyuma chakavu anapita kila mwezi na mkokoteni wake, na bei alishataja. Baada ya mabishano marefu tukafikia hukumu: likiwaka kabla ya Novemba kwisha, bibi harusi atalipanda. Lisipowaka, mwenye mkokoteni aje achukue, na hela ziingie kwenye ukumbi.

Kazi ya kuliwasha nikapewa mimi, kwa sababu tu ndiye ninayejifanya najua mambo. Kasheshe likaanzia hapo.

MOSHI CHINI YA KITI

Siku ya kwanza nilimleta fundi wa kijiweni. Kijana mtanashati, jinzi mpya, miwani ya jua, simu mbili. Akaja na betri ya kuazima. Kwenye Kobe betri haikai mbele wala nyuma kwenye injini, inakaa chini ya kiti cha nyuma. Akang'oa kiti, akaiweka betri, akafunga waya wa chanya, halafu akaugusisha wa hasi. Paa! Cheche kubwa.

"Kawaida hiyo, bro, limekaa sana," akasema, akakaza nati.

Msomaji wangu, haikufika hata nusu dakika. Moshi mweupe ukaanza kupanda pembeni ya kiti, unanuka plastiki. Mimi nikabaki nimeduwaa. Mama alitoka jikoni na ndoo ya mchanga wa kusugulia sufuria, anapiga kelele. Fundi akang'ang'ana na spana mpaka akautoa waya. Moshi ukakata. Tulipona chupuchupu.

Akafuta jasho, akavaa miwani yake, akatoa hukumu: "Wayaringi yote imeoza. Stata imekufa. Jenereta imekufa. Leta laki tisa tufanye upya."

Laki tisa! Na hapo hakupima kitu hata kimoja. Aliangalia moshi tu, akasoma bei kwenye uso wangu. Siku ya pili mwenye mkokoteni akapita, akaliangalia gari, akacheka kidogo, akasema, "Mimi nipo tu, mama."

MZEE NA TAA YAKE YA SHILINGI KIDOGO

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa mtaa wa pili. Enzi zake alikuwa fundi umeme wa magari kule Gerezani, sasa amestaafu, anakaa kibarazani anacheza bao. Nikaenda na adabu zangu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mtoto wa yule mwenye Kobe? Baba yako alikuwa rafiki yangu. Lina nini?"

Nikamweleza. Alipofika kwenye moshi akaacha kete mkononi. "Na mlifunga betri bila kupima? Mlitaka kumchoma mama yenu?"

Kesho yake asubuhi akaja na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na msasa laini, bisibisi mbili, mita ndogo ya kupimia volti, na kitu ambacho kwa macho ni takataka: balbu ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili ndefu. Hiyo ndiyo testa yake. Alianza somo hivi, na naomba ulishike vizuri, maana mengine yote yanatoka hapa:

"Umeme wa gari ni daladala. Unatoka kituoni, ambako ni betri. Unapita njiani, ambako ni waya. Unashusha abiria kwenye balbu, au stata, au honi. Halafu lazima urudi kituoni. Njia ya kurudi ni bati lenyewe la gari, sisi tunaita ethi. Usipokuwa na njia ya kurudi, hakuna safari hata kama kituo kimejaa. Na ukikatiza njiani ukarudi kabla ya kushusha abiria, hiyo ndiyo shoti, na shoti ni moto."

Akaendelea kusema kwamba gari likikaa muda mrefu, mara nyingi vyombo vyenyewe havifi. Vinavyokufa ni viungo: pale waya unapoishia kwenye nati, fyuzi inapogusa kishikio chake, bati linapogusana na bati. Kutu na chumvi vinaingia katikati kama polisi wa barabarani na kuzuia safari. Fundi asiyepima anabadilisha stata, anabadilisha jenereta, hela inakwisha, na kutu bado imekaa palepale inakucheka.

KABLA HUJAFUNGA BETRI

Betri yetu ya zamani haikuwa na mjadala. Betri ya asidi iliyokaa bila chaji miaka yote hiyo huwa imekufa, hata ukiichaji wiki nzima. Tukanunua mpya. Hapa kuna mtego: Volkswagen za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, nyingi zilikuwa za volti 6, siyo 12. Ukifunga 12 kwenye gari la 6 utaunguza balbu zote. Mzee alichomoa balbu moja ya taa ya nyuma, akasoma maandishi: 12V. Safi.

Betri mpya ikapimwa kwa mita: volti 12.6. Hiyo ndiyo betri iliyoshiba. Ukisoma 12.4 ujue imepungua kama robo. Ukisoma 12 au chini, irudishe kwenye chaji kabla hujailaumu stata. Na wakati wa kuchaji usivute sigara karibu, maana betri inatoa gesi inayolipuka.

Sheria ya kufunga na kufungua nimeiimba mpaka leo: unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, maliza na hasi. Sababu ni rahisi. Hasi ikiwa bado imefungwa, halafu spana yako iliyoko kwenye chanya ikagusa bati, unapata shoti ya betri nzima mkononi mwako. Na vua pete na saa ya chuma, ewe bwana harusi mtarajiwa.

Mzee akafunga chanya. Lakini hasi hakuifunga. Akachukua ile balbu yake, waya mmoja akauweka kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye waya wa hasi wa gari. Yaani umeme wote uliotaka kupita ulilazimika kupitia kwenye balbu.

"Swichi imezimwa, taa zimezimwa. Balbu hii ikiwaka, kuna mwizi ndani," akasema.

Balbu ikawaka! Nikaanza kushangilia kwamba tumemkamata. Mzee akaniangalia kwa huruma. "Funga mlango kwanza." Nikafunga mlango, taa ya ndani ikazimika, na balbu yake ikapungua kidogo. Kumbe mwizi mmoja nilikuwa mimi. Lakini bado ilikuwa inawaka, tena kali. Kulikuwa na mwizi mwingine, na huyo alikuwa jambazi.

JAMBAZI KAKAMATWA

Kisanduku cha fyuzi kiko chini ya dashibodi, karibu na usukani. Mzee akanipa kazi ya kuzichomoa moja moja huku yeye akiangalia balbu. Ukichomoa fyuzi na balbu ikazima, basi shoti iko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Nikachomoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamaliza zote. Balbu bado inawaka vilevile.

Hapo mzee akaacha utani. "Basi iko kabla ya fyuzi. Waya mkubwa."

Hili wengi hatulijui. Kwenye Kobe, waya mnene mwekundu unaoleta umeme kutoka nyuma kwenda mbele haulindwi na fyuzi yoyote. Fyuzi zinaanzia mbele, baada ya waya huo kufika. Ukigusa bati njiani, hakuna kinachokatika. Waya unageuka hita, na juu yake kuna kiti chenye sponji na nyuzi kavu za zamani. Ile siku ya kwanza tulikuwa tunapika moto bila kujua.

Nyaya za magari ya Kijerumani zinasomeka kama gazeti ukijua rangi zake. Nyekundu ina umeme muda wote kutoka betri. Nyeusi mara nyingi inapata umeme ukifungua swichi. Kahawia ni ethi. Na kwenye vichwa vya vyombo kuna namba: 30 ni umeme wa muda wote, 15 ni umeme wa swichi, 50 ni amri ya kuzungusha stata, 31 ni ethi. Ukizishika hizo nne, fundi akikuzuga utamwona.

Mzee akaufuata waya mwekundu kwa kidole kuanzia chini ya kiti, huku ameshika tochi kwa meno. Upande wa pili wa kiti, pale waya unapoingia kwenye bodi kuelekea mbele, akausogeza kidogo. Balbu ikazima. Akauachia. Ikawaka. Akausogeza tena. Ikazima.

"Huyu hapa."

Panya, jamani! Panya wa Magomeni walikuwa wamejenga humo, wamekula ngozi ya waya kama urefu wa kidole, shaba imebaki uchi imelala juu ya bati. Ndiyo "wayaringi yote imeoza" ya laki tisa. Kipande cha waya kisichozidi kidole!

Tukafungua betri tena. Mzee akakata sehemu mbovu, akaunganisha kipande kipya cha unene uleule, akalehemu, akavika mpira wa kuhami, na pale waya unapopita kwenye tundu la bati akaweka mpira wa kuuzuia usikwaruzike. Hakukubali kuzungushia utepe mweusi peke yake. "Utepe unaachia kwa joto," alisema. "Halafu utaniita siku ya matanga."

Akarudisha balbu yake kwenye hasi. Giza. Sasa ndipo akafunga betri.

Lakini kiti hakukirudisha. Akanionyesha chemchemi za chuma zilizo chini ya kiti, ziko juu kabisa ya vichwa vya betri. Abiria mzito akikaa, chemchemi zinaweza kushuka na kugusa chanya, na hapo kiti kinawaka moto mkiwa barabarani. Hii ni hatari inayojulikana ya magari haya, ndiyo maana yalikuja na kifuniko cha betri. Cha kwetu kilishapotea. Tukakata mpira mnene, tukafunika. Fikiria: kiti hicho ndicho angekalia bibi harusi na shela lake.

KLIK, HALAFU KIMYA

Baada ya hapo akanizuia kugusa swichi mpaka tumwage petroli ya zamani, tubadilishe mipira ya petroli iliyopasuka, tuangalie oili na kuizungusha injini kwa mkono kuhakikisha haijashika. Cheche na petroli inayovuja haviishi nyumba moja.

Tukaweka gia huru. Nikafungua swichi. Taa ya chaji na ya oili zikawaka kwenye dashibodi, mama akasema "Alhamdulillahi". Nikazungusha funguo. Klik. Basi. Nikarudia. Klik.

Fundi bishoo angesema: stata imekufa. Mzee alichukua mita. Akaweka ncha zake kwenye vichwa vya betri, akaniambia nizungushe. Volti zilishuka kidogo tu, hazikukaribia hata 10. Kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu, ila nguvu hazikufika. Halafu akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha gia boksi. "Zungusha." Mita ikaruka mpaka volti 6.

Akanieleza maana yake. Kati ya hasi ya betri na chuma cha injini panatakiwa pasiwe na tofauti, au iwe chini ya nusu volti stata inapovuta. Ukisoma 6, maana yake nusu ya umeme wako inapotelea kwenye njia ya kurudi. Injini na gia boksi vya Kobe vimekaa juu ya mipira, havigusani na bodi. Kinachoviunganisha ni mkanda mmoja wa nyaya za shaba zilizosukwa, kutoka gia boksi kwenda kwenye bodi. Tukaingia chini. Mkanda ulikuwa umegeuka unga wa kijani.

"Wewe unajua umeme ulikuwa unarudi wapi?" mzee akaniuliza. Akaniambia niguse kebo ya klachi. Ilikuwa ya moto! Umeme ulipokosa njia ukajitafutia uchochoro. Watu wanabadilisha kebo za klachi kila mara na hawajui mchawi ni mkanda wa shaba.

Mkanda mpya ukapatikana Kariakoo. Tukapiga msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu kuzuia chumvi. Kumbuka: grisi inakuja baada ya kukaza. Nikazungusha funguo. Ngu-ngu-ngu-ngu! Stata ile iliyokuwa "imekufa" ilizungusha injini mpaka kuku wakakimbia.

INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Furaha ikakatika. Inazunguka, haishiki. Tukachomoa plagi, tukaigusisha kwenye chuma cha injini: hakuna cheche.

Testa ikarudi kazini. Kwenye koili, namba 15, swichi ikiwa wazi: inawaka. Kwa hiyo umeme umefika. Kwenye namba 1, upande unaoelekea kwenye distributa: inawaka, lakini stata inapozunguka haiwaki na kuzima. Imeganda. Pale ilitakiwa ikonyeze, kwa sababu pointi ndani ya distributa zinafunga na kufungua. Isipokonyeza, pointi hazigusani.

Tukafungua kifuniko. Pointi zilionekana zimefunga vizuri tu, lakini nyuso zake zilikuwa na ukungu wa kijivu, mwembamba kama vumbi la poda. Ukungu huo unatosha kuzuia umeme. Msasa laini, kitambaa kisafi, kisha mzee akapima nafasi yake: milimita 0.4. Kazi ya robo saa.

Onyo hapo hapo: usiache swichi wazi muda mrefu injini ikiwa haijawaka. Pointi zikiwa zimefunga, koili inapata moto mpaka inaungua.

Jumamosi hiyo, saa kumi jioni, baada ya miaka 13, Kobe akakohoa mara mbili, akatoa moshi wa buluu, akawaka. Sauti ile! Kama umewahi kuisikia Volkswagen unaijua, inacheka kama cherehani kubwa. Mama alikaa chini kwenye mkeka. Hakusema kitu. Alikuwa anasikiliza mtu mwingine kabisa anarudi kutoka kazini.

Taa ya chaji ikazima tulipoongeza moto. Mita kwenye betri ikasoma volti 14. Kwa hiyo hata jenereta "iliyokufa" ilikuwa hai. Mzee akanipa wosia: taa hiyo ikiwaka ukiwa safarini, simama papo hapo. Gari hili halina maji ya rejeta, linapoozwa na feni, na mkanda unaozungusha jenereta ndio huohuo unaozungusha feni. Mkanda ukikatika, ukaendelea kujinafasi barabarani, unaiua injini.

FYUZI NA KARATASI YA SIGARA

Zilizobaki zilikuwa taa. Indiketa haziwaki, waipa haziendi, taa ya mbele upande mmoja ni njano kama koroboi. Hapa nilitaka kujionyesha mjanja, nikatoa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niizungushie fyuzi. Mzee aliipiga mkono wangu!

Fyuzi za gari hili ni vijiti vidogo: nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya 16. Kazi yake ni kukatika ili waya usiungue. Ukiifunga karatasi ya sigara umeigeuza kuwa waya usio na mlinzi, na ulishaona mambo ya waya usio na mlinzi. Tena nyingi hazikuwa zimekatika. Zilikuwa na kutu kwenye ncha. Tulipozisugua pamoja na vishikio vyake, indiketa zikaanza tik-tak, waipa zikafagia. Ile taa ya mbele ilikuwa na ethi mbovu, nati moja tu. Msasa tena.

Hesabu ya mwisho, pamoja na betri iliyobeba sehemu kubwa, haikufika laki mbili na nusu. Mzee alikataa hela. Alitaka kilo mbili za mchele na mahali kwenye msafara.

HARUSI BILA HONI?

Alhamisi kabla ya harusi, nikalisafisha, nikalipiga polishi, nikabonyeza honi nimsalimie jirani. Kimya.

Msomaji, msafara wa harusi wa Dar bila honi si msafara, ni mazishi. Nikataka kukimbilia Kariakoo kununua honi mpya. Kisha nikakumbuka daladala. Nikachukua testa, mwenyewe, bila mzee. Kwenye honi: umeme umefika. Nikatoa waya mfupi kutoka kichwa cha pili cha honi, nikaugusisha kwenye bati. Peeee! Kwa hiyo honi ni nzima. Kilichokosekana ni kurudi.

Ukibonyeza honi ya Kobe huwa hupeleki umeme, unaufungulia njia ya kurudi, kupitia nguzo ya usukani. Na nguzo hiyo chini imeunganishwa kwa kipande cha mpira, ambacho hakipitishi umeme. Ndiyo maana kuna waya mdogo unaokivuka. Nikapiga tochi. Waya ulikuwa umekatika. Nikaunganisha mwingine, mfupi kuliko kalamu.

Jumamosi dada alitoka nyumbani kwa gari la baba yake. Mimi nilikuwa dereva, mzee wa Gerezani nyuma na kofia yake ya kiua, karibu na bibi harusi. Mama alikaa mbele. Tulipopita Barabara ya Morogoro, alinyoosha mkono akabonyeza honi mwenyewe, hakuuondoa mpaka kwenye taa.

Kama na nyie mna gari la mzee limelala uani, kabla hujamwita wa mkokoteni fanya haya:

1. Pima betri kwa mita, usiiamini kwa macho. Volti 12.6 ndiyo shibe.

2. Usifunge hasi kabla ya kuweka balbu ya kupimia katikati. Ikiwaka na kila kitu kimezimwa, tafuta mwizi kwanza.

3. Piga msasa kila ethi: betri kwa bodi, bodi kwa gia boksi, taa kwa bati.

4. Sugua fyuzi na vishikio. Karatasi ya sigara iache kwenye sigara.

5. Funika betri iliyo chini ya kiti, na weka mtungi wa kuzimia moto karibu.

6. Anayekutajia bei kabla ya kukuonyesha mita, mpe maji ya kunywa, msindikize mpaka getini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa. Honi moja kwenu wote: peeee!